Jina Lisilo na Mabano

Shahada ya uzamili ya Piers Lanyon ilikuja kwa posta siku ya Jumanne, ndani ya bahasha ya kaki, naye akaifungua kwa kisu cha siagi.

Tulikuwa chumba cha walimu, wakati wa chai ya saa nne. Piers alifundisha kemia pamoja nami katika shule ya Hallowmere, shule ya bweni ya wasichana wenye nacho, yenye nyasi ambazo hata walimu hatukuruhusiwa kuzikanyaga. Yeye alikuwa na miaka mitatu pale, mimi tisa. Akaitoa ile karatasi, akajipepea nayo kama mtu aliyezidiwa na joto, na nje mvua ilikuwa inanyesha.

"Jamani, nimekuwa msomi."

"Hongera," nikamwambia. "Sikujua kama ulikuwa unasoma. Utafiti wako ulihusu nini?"

Akacheka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani. "Utafiti! Bridget, wewe utaniua. Husomi kitu, dada. Unangoja. Miaka saba tangu siku uliyoingia chuoni, unajaza fomu, basi, shahada yako ya kwanza inageuka ya pili. Ndiyo desturi yetu kule."

"Unangoja tu?"

"Tu. Na mimi nimengoja vizuri mno, hata nimejishangaa."

Kule, maana yake kimoja kati ya vile vyuo viwili vikongwe ambavyo hapa Uingereza havina haja ya kutajwa. Mtu akisema "kule" huku anatazama dirishani, umeshajua. Mle chumbani watu watano walikuwa na shahada za namna hiyo, zilizoivia kabatini kama jibini. Nami nilikaa katikati yao, biskuti mdomoni, nikivitazama vidole vyangu. Ya kwangu niliisomea miaka mitatu. Kila Jumanne na Alhamisi, vipindi vikiisha, niliendesha gari saa moja na nusu hadi maabara ya chuo, nikarudi na vidole vyeusi kwa nitrati ya fedha, rangi isiyotoka kwa sabuni wala kwa kusugua. Watoto wa kidato cha kwanza waliniita Mchimba Makaa.

Sikumwonea Piers wivu. Niliingiwa na hofu, na ilikuwa na sababu. Mzee Pargeter, mkuu wa idara yetu, alikuwa anastaafu mwezi wa saba. Tangazo la nafasi yake lilibandikwa ubaoni, nalo lilisema wazi: awe na shahada ya uzamili. Hadi Jumanne ile, katika idara nzima mwenye nayo nilikuwa mimi peke yangu.

Nilikitaka kile cheo. Nakiri, nilikitaka kwa uchu. Nilitaka kuyafuta yale maandalio ya Pargeter ya enzi za chaki, niwafundishe wasichana kuchanganya na kuunguza na kukosea, si kunakili.

Usaili ulifanyika ofisini kwa mkuu wa shule, Dokta Aldwin Crewe. Pembeni yake alikaa Bi Strickland, mwenyekiti wa bodi, mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mbwa kutoka mbali.

"Ulisoma wapi, Bi Holroyd?" akaniuliza.

Nikautaja mji.

"Ah, vizuri! Pale kilimani?"

Mji ule una vyuo viwili. Cha zamani kiko juu ya kilima, kina mnara na saa. "Hapana," nikasema. "Kile kingine. Karibu na kituo cha mabasi."

Wakatazamana.

"Ile poli," akasema Dokta Crewe polepole, kama daktari anayetaja ugonjwa mbele ya ndugu wa mgonjwa.

Poli ni politekniki, jina la vyuo vya ufundi vya zamani. Lakini kinywani mwake neno lilitoka kama pori, na mimi mnyama niliyekamatwa humo.

"Ni chuo kikuu tangu mwaka 1992," nikasema.

"Bila shaka, bila shaka," akasema Bi Strickland. "Hata mpishi wangu ana shahada siku hizi. Ya nini, sijui. Ya utalii, nadhani."

"Na supu yake ikoje?"

"Chumvi nyingi."

Waliniuliza maswali tisa. Manane yalihusu watu: nani alinifundisha, nani namjua, baba alikuwa anafanya kazi gani. La tisa lilikuwa kama ninacheza tenisi. Kemia haikutajwa. Piers aliingia baada yangu, na nikiwa ukumbini nilisikia vicheko vitatu kabla mlango haujafungwa sawasawa.

Kwa hiyo siku mbili baadaye Pauline, karani wa ofisi, aliponiambia, "Kipenzi, anakuita, na leo ametabasamu," nilidhani natabasamiwa kwaheri.

"Nafasi ni yako," akasema Dokta Crewe. "Tuseme ukweli, matokeo ya wasichana wako ndiyo yanayotuletea wasichana wengine. Lanyon ni kijana mzuri, lakini mwaka jana alichoma pazia."

Kwa furaha nilitaka kumkumbatia. Nikashika kiti.

"Kuna jambo dogo tu."

Akanisogezea ukurasa wa kitabu cha shule, kile wanachopewa wazazi, kabla hakijaenda kupigwa chapa. Ulikuwa ukurasa wa walimu. Jina, shahada, halafu katika mabano, jina la chuo. Lanyon na mabano yake. Pargeter na yake. Nikashuka hadi kwangu: Holroyd, B., Shahada ya Uzamili. Nukta.

Mwaka wangu wa kwanza nililiona pengo lile, nikamuuliza Pauline. Akaniambia, "Mambo ya wachapaji hayo, kipenzi." Nikaamini. Miaka tisa niliamini kuna mchapaji mmoja mzembe mahali fulani anayelisahau jina langu kila Septemba. Sasa nikatazama nani mwingine alikuwa hana mabano. Mwalimu wa michezo. Mwalimu wa sanaa. Yule mama wa mapishi. Wote tulioingilia mlango wa kituo cha mabasi.

"Mkuu wa idara anakaa ukurasa wa mbele, na picha," akaendelea Dokta Crewe. "Mabano hatutayaweka, kama kawaida. Na wazazi wakikuuliza ulisoma wapi, taja mji. Mji tu. Si uongo, au ni uongo? Kilimani watapanda wao wenyewe, akilini mwao."

Alisema kwa upole. Hilo ndilo lililonichafua roho zaidi, ule upole, kama mtu anayekuonyesha kwa siri kwamba zipu yako iko wazi.

Nami nikasema, "Sawa."

Jioni nikampigia baba simu, kule Rotherham. Alifanya kazi kiwanda cha chuma hadi mapafu yakagoma. Nikamweleza yote, nikijaribu kuyafanya yaonekane madogo.

"Kwa hiyo wamekupa ukubwa, halafu wanakuficha kama choo cha uani?"

"Baba, ni mabano tu."

"Mabano, eh? Hata jambazi, mwanangu, gazetini huandikwa gereza alilotoka."

"Unanifananisha na jambazi?"

"Sikufananishi. Nasema yeye wanamtaja."

Nikakata simu kwa hasira, na niliyemkasirikia nilikuwa mimi mwenyewe.

Wiki tatu baadaye ikaja siku ya wazazi. Barua yangu ya cheo ilikuwa bado haijasainiwa. Bodi, alisema Dokta Crewe, ilitaka kwanza kuona nitakavyopokelewa. Akanisimamisha mlangoni mwa maabara, akasimama ubavuni pangu, glasi ya divai mkononi, na kila familia iliyopita akaitambulisha kwangu. Mama mmoja akauliza nilisoma wapi. Nikautaja mji. "Ooh," akasema, akapanda kilima. Baba mmoja akauliza. Nikautaja mji. Akapanda, tena mbio. Kila walipopanda Dokta Crewe alinigusa kiwiko, kama unavyompapasa farasi aliyeruka kizuizi vizuri. Ulimi wangu ulikuwa kama nimelamba sarafu.

Ndipo wakaja akina Pryce. Tamsin Pryce alikuwa na miaka kumi na saba, na sijapata kufundisha mtoto mwenye mkono wa kemia kama wake. Baba yake alianza maisha kwa kuuza vigae kutoka nyuma ya gari, sasa ana maduka mkoa mzima. Chuo hakuwahi kukiona ila kwa nje.

"Dokta Crewe, nisaidie," akasema Bwana Pryce kabla hata ya salamu. "Chuo cha kilimani kimemkubali. Na hiki kingine nacho kimemkubali. Na huyu binti anataka hiki kingine! Poli!"

"Baba, wana mashine ambayo kilimani hawana. Nimekwenda kuiona."

"Mashine! Hata mimi nina mashine, ya kukatia vigae. Njoo uikumbatie."

Dokta Crewe akatikisa kichwa kwa huzuni iliyofanyiwa mazoezi. "Tamsin, Tamsin. Umefunzwa hapa miaka saba. Ukienda pale, ni kama farasi wa mbio kufungwa kwenye mkokoteni wa maziwa. Bi Holroyd atakwambia. Yeye anaujua mji ule vizuri sana."

Na akanigusa kiwiko.

Tamsin akanigeukia. Hakuwa anacheza. Uso ulikuwa umemwiva wekundu hadi masikioni.

"Mwalimu, wewe niambie. Wanaosoma pale ni wajinga kweli? Maana kila mtu anasema hivyo, lakini hakuna aliyesoma pale. Ukisema ndiyo, nitaenda kilimani, na sitauliza tena."

Ningeweza kusema kila mtu na bahati yake. Ningeweza kuutaja mji. Nilimwona yule mtoto akinitazama kama tunavyotazama mizani kabla sindano haijatulia, nikaona aibu, na aibu ile haikumhusu Piers, haikumhusu Crewe.

"Mimi nimesoma pale," nikasema. "Shahada zote mbili. Miaka sita. Kila nilichokufundisha ndani ya chumba hiki nilikitoa pale."

Mama yake Tamsin akaangalia glasi yake. Bwana Pryce akaniangalia viatu, akapanda taratibu hadi nywele, kama anayekagua kigae chenye ufa.

"Haya, umeona sasa?" akamwambia binti yake. "Mtu anakwenda pale, anaishia kuwa mwalimu."

Dokta Crewe akacheka. Akacheka kweli, kichwa nyuma, yeye aliyekuwa mwalimu miaka thelathini. Alikuwa amefika katikati kabla hajalisikia alilolichekea. Kicheko kikakatika, mdomo ukabaki wazi. Hakumjibu mzee wa vigae. Hakuthubutu, mzee wa vigae alikuwa analipia paa jipya la ukumbi. Akalimeza tusi lake pamoja na divai, akanigeukia mimi niliyekuwa rahisi zaidi.

"Bi Holroyd," akasema chini chini, meno yakiwa yamefungana, "nadhani unakumbuka kwamba ile barua bado sijaisaini."

"Nakumbuka."

"Piers yuko pale dirishani. Naweza kumwita sasa hivi, nimtambulishe kwa wazazi hawa."

Nikamtazama Piers. Alikuwa anamwonyesha bibi mmoja jinsi tai yake inavyofungwa.

"Mwite," nikasema. "Usiisaini."

Alisimama kidogo, akingoja nibadili neno. Halafu akaondoka kwa hatua ndefu, mkono umeshanyooshwa, akiita, "Lanyon! Lanyon, bwana mdogo, hebu njoo hapa." Akina Pryce wakamfuata, baba mbele, mama nyuma.

Tamsin hakuwafuata. Alikuwa amevuta kiti cha maabara, amekikalia.

"Ile mashine," akaniuliza, "mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wanamruhusu kuigusa, au ni kuitazama tu?"

"Wiki ya tatu," nikamwambia, nikavuta kiti cha pili. "Mimi niliiharibu wiki ya tano. Wakanifundisha kuitengeneza."