Seva Iliyoelemewa Siku ya Mapumziko

Kiwanda cha magodoro kilikuwa kimefungwa kwa likizo na hakuna mtu aliyekuwa kazini, lakini seva, kompyuta kuu ya kiwanda, ilidai imeelemewa. Kaka Waya, fundi wa kompyuta aliyepewa jina hilo na wafanyakazi, aliikodolea skrini macho. Kipimo cha mzigo wa kazi kilizidi thelathini, huku prosesa, ubongo wa seva, imekaa kitako, haina hili wala lile.

"Kuna mtu anaangalia sinema humo," alisema mjomba wake, mwenye kiwanda, kasimama nyuma yake na mto kwapani.

"Hakuna mtu, Mjomba."

"Basi ina jini."

"Haina jini."

"Umeiuliza?"

Kaka Waya alijaribu kuzifunga programu, zikagoma. Akaiwasha seva upya. Ikatulia kidogo, kisha mzigo ukaanza kupanda tena, taratibu, kama unamkejeli. Mjomba akaipiga seva kofi la mgongo. Wapi!

Ndipo Kaka Waya alipoangalia programu zenyewe zilikuwa katika hali gani, akashika kichwa. Hazikuwa zikifanya kazi hata kidogo. Zilikuwa zimepanga foleni, zinangoja kisanduku cha diski za akiba kiitikie, na katika mzigo wake seva huzihesabu zinazongoja pamoja na zinazofanya kazi. Kisanduku kilikuwa kimya.

Akaufuata waya wa kisanduku kutoka kwenye seva. Ukapita ukutani, ukaingia ofisini kwa Mjomba, ukaishia sakafuni mikono mitupu.

"Mjomba, hapa palikuwa na kisanduku cheusi."

"Kile kinachonguruma?" Mjomba akakohoa. "Kilikuwa kinanikatiza usingi... ukaguzi. Magodoro lazima yakaguliwe."

"Kiko wapi?"

Mjomba akatazama dari. Kaka Waya akatazama godoro la sampuli pale kwenye kona. Upande wa kichwani ulikuwa umeinuka vizuri mno. Akanyanyua ncha yake: kisanduku hicho, kimetulia kama yai.

"Ni shingo, mwanangu," Mjomba akasema kwa unyonge. "Daktari alisema niinue kichwa."

Kaka Waya alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamwahi, akacheka hadi akaangukia godoro. Mjomba akajitahidi kushikilia uso wa bosi. Ukamponyoka.

Walipokichomeka, programu zote zilikivamia kwa pamoja, taa zikapepesa kama zimepagawa, kisha mzigo ukashuka, ukashuka, hadi sifuri.

Mjomba akainamia skrini kwa wasiwasi.

"Sasa mbona haifanyi kazi? Umeiharibu?"