Pipa Lililosomesha Wadudu

Siku ya nane kitandani, kiungo pekee cha Bibi kilichobaki kizima kilikuwa mdomo.

"Mke mwenzangu," aliniita nilipoingia wodini na kikasha changu cha sampuli, "leo umefuata nini tena? Damu umechukua, mkojo umechukua. Kama unataka na mume, sema tu. Marehemu babu yako hakuwa mchoyo."

Nilicheka, lakini macho yangu yalikuwa shingoni pake, palipokonda kama mpini wa mwiko. Homa ilikuwa haishuki na tumbo halifungi. Dawa ya kwanza ilishindwa, ya pili ikashindwa. Daktari alinivuta pembeni, akaniambia bila kuzunguka:

"Mwili wake hauna akiba tena. Sitaki kubahatisha dawa ya tatu. Maabara iniambie ni ipi."

Maabara maana yake mimi, mwenye diploma niliyoipata miezi saba tu iliyopita, ambayo bado ilikuwa inanukia wino.

Kazi ile haitaki pupa. Unapaka sampuli ya choo kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, unaiweka kwenye kabati la joto, unawaacha waote. Kesho yake unawachukua walioota na kuwatandaza kwenye sahani nyingine, kama mtu anayepaka siagi. Juu yao unapanga vidonge sita vya karatasi, vidogo kuliko kifungo cha shati, kila kimoja na dawa yake. Kisha unasubiri tena. Dawa ikiwaweza, kidonge kinazungukwa na duara tupu. Isipowaweza, wanaota mpaka ukingoni mwa kidonge, bila haya wala woga.

Nikiwa kwenye kusubiri huko kwa pili, Shangazi alikuja kumbadilishia mama yake mashuka. Hao wawili wanaishi pamoja, na Shangazi ndiye mfuga kuku wetu.

"Nyumbani ni mkosi mtupu," alisema akikung'uta mto. "Kuku nao wanaharisha. Wanne wamekufa, na dawa ninawapa!"

"Dawa gani, Shangazi?"

"Hizi hizi zetu. Za kwenye kopo."

Kopo lile nalijua tangu utoto. Kwetu mtu akiumwa humeza dawa siku mbili tatu, na akipata nafuu basi. Vidonge vinavyobaki huenda kwenye kopo la Shangazi, naye huvisaga na kuvikoroga kwenye pipa la maji ya kuku, kwa sababu dawa ni neema na neema haitupwi jalalani. Hata mimi, msomi, mwaka jana nilimpelekea masalio ya dawa ya koo, akanibariki.

"Na maji yanayobaki kwenye pipa unayamwaga wapi?"

"Pale pale, ubavuni mwa kisima. Niyabebe niyapeleke wapi?"

Bibi naye hunywa maji ya kisima hivyo hivyo yalivyo. Ya kuchemsha anayakataa, ati yana ladha ya sufuria.

Mchana huohuo nilichota chupa mbili, moja ya pipa na moja ya kisima, nikazipeleka maabara.

Asubuhi ya pili yake nilitoa sahani ya Bibi. Kidonge cha kwanza, wameota mpaka mlangoni. Cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu, cha nne, cha tano; nilihisi shingo ya Bibi ikizidi kukonda kila nilipogeuza sahani. Cha sita kilikaa katikati ya duara safi, tupu, kama uwanja uliofagiliwa alfajiri.

Nilipima kwa rula mara tatu. Mkuu wa maabara akapima mara ya nne.

"Kimbia ukamwambie daktari," alisema.

"Mkuu, si umebandika mlangoni kwamba kukimbia ni marufuku?"

"Nimebandika mimi. Kimbia!"

Dawa ya sita ilianza siku hiyo: kidonge kimoja kila siku, kwa siku kumi. Siku iliyofuata sahani za maji nazo zilisomeka, na bakteria wa pipa, wa kisima na wa Bibi walikuwa kama mapacha watatu. Walizidharau dawa zilezile tano, wakaiogopa ileile moja.

Nilimweleza Shangazi kando ya kitanda. "Wadudu ukiwapa dawa kiduchu hawafi wote. Wanyonge wanakufa, wajuzi wanabaki, wanazaana, wanapeana ujuzi. Hawa wamekuwa wakali wa kuangusha watu na kuku, na sugu wa kukataa kutoka."

Shangazi alijifunika uso kwa khanga. "Nimemuua mama yangu!"

"Hujaniua, nipo," Bibi alisema. "Sogea, unaniziba hewa. Kwa hiyo umewafungulia wadudu chuo ndani ya pipa? Wamesoma mpaka diploma?" Akanigeukia, jicho linang'aa. "Basi na mke mwenzangu anayo yake. Tuone nani alikuwa anasinzia darasani."

Siku ya pili ya dawa homa ilishuka. Siku ya tatu aliomba kioo, akajitazama, akaomba kitana.

Aliporudi nyumbani, kisima kilikuwa kimetiwa dawa ya kusafishia maji, pipa limesuguliwa, kopo limerudishwa hospitali na vyote vilivyokuwamo. Shangazi aliapa kwa sauti. Lakini mazoea yana taabu. Siku ya tisa ya dawa nilimkuta amekaa na Bibi uani, vidonge viwili vya mwisho kiganjani.

"Mama, si umeshapona kabisa? Hivi sasa ni vya nini tena..." Na jicho lake, maskini, likateleza lenyewe hadi kwenye pipa.

Bibi alivinyakua. Kimoja alikimeza papo hapo; cha pili alikifunga kwenye pindo la khanga, na kesho yake asubuhi alikifungua mbele ya kuku wote waliokusanyika.

"Mnanitazamia nini?" aliwauliza. "Hapa hakuna masalio!"

Akameza, akashushia maji ya kuchemsha, akakunja uso.

"Ladha ya sufuria," alisema, kisha akaninyooshea kikombe nimwongezee.