Joto la Gari Letu

Keki ya pili iliyeyuka Jumamosi, tukiwa hatujafika hata nusu ya njia. Niliiona kwenye kioo cha kati. Ilikuwa ya ngazi mbili, yenye maua kumi na manane ya krimu ambayo mke wangu aliyakamua moja moja tangu alfajiri, na maua hayo yakaanza kuteleza ubavuni kama watoto kwenye lundo la mchanga. Yeye alikaa kiti cha nyuma, ameishika sinia kwa mikono miwili, kimya. Tumeoana miaka thelathini na nane. Akinifokea, najua tuko salama.

"Simamisha gari," alisema mwishowe.

Nikasimamisha. Akaitua keki juu ya ukuta wa nyumba ya watu, akatoa kisu na kujaribu kuyapandisha maua. Hayakupanda.

"Feni umezima?"

"Nimezima."

"Na hicho kijiti cha joto?"

"Kiko kwenye baridi. Kiko kwenye baridi tangu mwaka jana."

"Basi joto hili linatoka kwa nani? Kwangu?"

Nikalipiga tairi teke. Gari letu ni la zamani, refu, halina buti ya kufunga; nyuma mpaka mbele ni chumba kimoja. Likitembea tu, hewa ya moto inaingia kupitia matundu ya dashibodi kana kwamba kuna sufuria inachemka miguuni. Madirisha hatuwezi kufungua, maana vumbi na krimu havikai nyumba moja.

Jioni ile mke wangu alisema maneno machache, bila kunitazama. Jumamosi inayofuata alikuwa na keki ya harusi, ngazi tatu. Aliyeiagiza ndiye mwenye ukumbi mkubwa kuliko yote mjini, na akiridhika, keki za ukumbi ule zingekuwa zake kila wiki. "Nakupa nafasi hii ya mwisho," alisema. "Ikiyeyuka, kuanzia hapo keki zangu atabeba kaka yangu."

Kaka yake, shemeji yangu, ana gari jipya linalotoa ubaridi kwa kubonyeza kidude. Alikuwepo pale sebuleni, anakula mabaki ya keki iliyokufa kwa kijiko.

"Shemeji," akaniambia, "mbona mnajisumbua? Mwambie dada aache kununua oveni. Aweke unga humo ndani ya gari, wewe uzunguke mtaa mara mbili, keki imeiva."

"Kula unyamaze."

"Nakula, shemeji. Imelainika vizuri."

Yeye anacheka kwa sababu ana duka lake na mambo yake. Mimi tangu nistaafu kiwanda cha nguo sina kazi nyingine duniani: mke wangu anaoka, mimi nabeba. Nikinyang'anywa usukani ule, nitabaki mzee wa kukaa kibarazani na kuuliza kama chai imeiva.

Jumatatu asubuhi nilikwenda gereji kumtafuta mbaya wangu. Mtaani wanamwita Hakuna Shida, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila gari, hata lililoletwa kwa kuburutwa. Mwezi uliopita nilimpa kazi ya kuzuia joto lile. Alichofanya ni kunijazia vipande vya sponji ya godoro kwenye matundu, akabandika utepe juu, akasema hakuna shida. Joto likatafuta njia nyingine na kutokea chini ya viti.

Alikuwa amepiga magoti kando ya tairi. Kwenye benchi walikaa wateja wanne.

"Shikamoo mzee," akasema.

Sikuitikia. Nilimwacha na shikamoo yake inaning'inia hewani, mbele za watu, nikaanza.

"Wewe ni fundi magari au fundi magodoro?"

Mmoja kwenye benchi akacheka.

"Mzee, mimi nilikwambia tatizo liko mbele, kwenye injini. Ulinikataza nisifungue boneti. Ulisema injini haiguswi na mtu, nifanye kazi ndani tu."

"Injini yangu naihudumia mwenyewe! Kwa kitabu! Nilikaa kwenye madawati ya ngumbaru miaka mitatu baada ya zamu ya kiwandani, nikajifunza kusoma mpaka nikakisoma kitabu cha gari hili chote. Wewe umesoma kitabu gani? Joto hili limeanza kuzidi tangu uliposhika gari langu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimekijua!"

"Mzee, hakuna shi..."

"Ukilitamka neno hilo tena nakutia spana mdomoni!"

Kijana yule akainama, akaendelea na tairi lake. Nilirudi nyumbani nimeshiba hasira, na ilikuwa tamu, sitasema uongo.

Wiki ile nilifanya kazi peke yangu. Niling'oa sponji zote. Nikaziba matundu kwa magazeti na gundi. Nikafungua kisanduku chini ya dashibodi, nikapaka grisi kilango cha hewa kinachofunga na kufunguka. Kila nilipomaliza jambo, niliweka kipande cha siagi kwenye sahani, sahani juu ya kiti, nikazunguka mitaa sita. Jumanne siagi iliyeyuka kabla ya mtaa wa nne. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi ilifika mtaa wa tano, nikashangilia, kumbe asubuhi ile kulikuwa na mawingu. Watu walianza kunizoea. "Mzee wa siagi huyo," niliwasikia wakisema.

Ijumaa usiku nilivaa miwani na kusoma upya sura ya joto, polepole, kwa kidole. Kitabu kilisema jambo nililokuwa nimelisoma na kuliruka: hewa haipashwi na feni, inapashwa na maji. Maji ya moto ya injini hupita ndani ya rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, na hewa ikipita hapo inabeba joto. Njiani kuna koki ya kuyafunga maji hayo. Koki ikibaki wazi, ziba matundu upendavyo, unapoteza wakati.

Jumamosi niliamka saa kumi na moja. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka; mke wangu alishaanza maua. Nikafungua boneti, nikafuata mipira ya maji mmoja baada ya mwingine mpaka ilipojificha nyuma ya kopo kubwa la kuchuja hewa. Nikalegeza kopo, nikalinyanyua. Koki ilikuwa pale. Ilikuwa wazi mpaka mwisho, na mkono wake ulikuwa umefungwa kwa waya ili usijifunge.

Waya mwekundu wa shaba. Umezungushwa mara tatu, ukakazwa, kisha mkia wake ukakunjwa na kuingizwa chini ya mzunguko usije ukamchana mtu vidole.

Nilifuma nguo kiwandani miaka thelathini na mmoja. Mashine zikilegea tulizifunga kwa waya, na wenzangu wote walikata mkia wake. Aliyeukunja nilikuwa mimi peke yangu, na walinicheka kwa hilo.

Nikakumbuka. Mwaka wa baridi kali, mke wangu akiwa bado anauza mikate, tulikuwa tunaipeleka sokoni kabla ya jua. Magoti yalikuwa yanamuuma hadi analia. Waya mrefu wa kijiti cha joto ulikuwa umekatika, koki inajifunga yenyewe kwa mtikisiko, ndipo nikaifunga kwa waya ibaki wazi, apate joto miguuni. Nilijiambia nitaitengeneza wiki ijayo. Mkate haujali joto. Msimu ulipogeuka tukafungua madirisha, nikasema gari limezeeka, kila mzee na homa yake. Kisha zikaja keki.

Safari hii hapakuwa na wa kumfokea. Nikaukata waya, nikautupa chini, nikaishika koki kwa koleo kuifunga. Ilikuwa imeganda kwa kutu. Nikaikazania kwa hasira ile ile ya Jumatatu, na mkono wake ukakatika, ukabaki kwenye koleo. Koki bado wazi.

Keki ilitakiwa ukumbini saa nne. Ilikuwa saa moja na nusu.

Nilikwenda gereji kwa miguu. Hakuna Shida alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango.

"Nina keki," nilisema. "Njoo."

Hakunisalimu. Alichukua mfuko wake wa vifaa, akanifuata, hatua kumi nyuma.

Alichungulia, akagusa koki, akaona waya chini. Akauokota.

"Nani aliifunga hii?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. "Sijui," nikajibu. "Labda aliyekuwa na gari kabla yangu."

Akautazama mkia uliokunjwa. Kisha akainua macho na kuutazama ua wetu taratibu: kamba ya nguo iliyofungwa kwa waya, bawaba ya geti, mpini wa ndoo. Kila mahali mizunguko mitatu, kila mahali mkia umekunjwa. Akauweka waya juu ya ukingo wa gari, mbele yangu, kwa adabu.

"Hakuna shida," akasema.

Sijawahi kupigwa kofi likaniuma hivyo.

Alifanya kazi dakika ishirini. Alivua mipira miwili inayokwenda kwenye rejeta ndogo, akaacha maji yamwagike, akachukua kipande cha bomba na kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe, maji yatoke injini na kurudi injini bila kuingia ndani. Akakaza klipu, akajaza maji, akawasha, akasikiliza. Kisha akakusanya vifaa vyake na kuondoka kabla sijapata la kusema.

Tulitoka saa tatu. Shemeji alikuwa amepaki gari lake nje ya geti, injini inanguruma, kusubiri nishindwe. Nilimpita. Mitaa sita ikaisha, kumi, kumi na tano. Nilipeleka mkono kwenye matundu: hewa ya kawaida, ya asubuhi. Kwenye kioo niliona maua ishirini na saba, kila moja mahali pake. Mwenye ukumbi alizunguka keki mara mbili, kisha akamuuliza mke wangu kama Jumamosi ijayo ana nafasi.

Kurudi, mke wangu alikaa kiti cha mbele. Alikuwa na kitu kiganjani. Ule waya.

"Nimeuokota kwenye gari. Huu mkia naujua. Umefunga hivi kamba yangu ya nguo."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini ulitaka tuive humu ndani?"

"Magoti yako," nilisema. "Ule mwaka wa mikate."

Akayashika magoti yake kama anayakumbusha.

"Asante," akasema. "Na yule kijana ulimtukana mbele ya nani?"

"Nani kakwambia?"

"Mtaa mzima umeniambia. Mbele ya nani?"

"Watu wanne. Kwenye benchi."

"Basi rudi kwake wakiwepo wanne."

Jumatatu nilikwenda gereji na bakuli la vipande vya keki vilivyobaki mke wangu alipokuwa anasawazisha kingo. Kwenye benchi walikuwepo watano. Hakuna Shida alikuwa chini ya gari. Niliona viatu tu. Nikangoja mpaka akatoka, uso umejaa oili. Aliniona, akabana midomo.

"Waya niliufunga mimi," nilisema, kwa sauti ile ile ya wiki iliyopita, maana sina nyingine. "Mwenyewe. Nikasahau. Ulisema tatizo liko mbele, na lilikuwa mbele. Nikakuuliza umesoma kitabu gani, na kumbe mimi ndiye niliyeruka ukurasa. Na Jumamosi nikakudanganya."

Hakuna aliyecheka. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akichukua muda wake wote.

"Shida ilikuwepo, mzee," akasema.

"Ilikuwepo."

Akanyoosha mkono kulipokea bakuli. Sikuliachia.

"Na ile siku uliniamkia," nilimwambia. "Marahaba."

Ndipo nikaliachia.