Ofa ya Pittsburgh

Julai ile mdogo wangu Tavion alikuwa hana timu, na wakati huohuo alikuwa nayo. Mkataba wake na St. Louis ulikuwa umekwisha, ila sheria ya ligi ya mpira wa kikapu ilikuwa bado imemshika mguu. Timu yoyote iliruhusiwa kumpa ofa, lakini St. Louis wangekuwa na siku mbili za kulifikia dau hilo, yaani kukubali kulipa kiasi kilekile. Wakilifikia, anabaki kwao, apende asipende. Wakikataa, anakwenda.

Mkuu wa timu, mama mmoja aitwaye Verhoeven, alimwambia kwa upole, "Nenda sokoni, Tavion, ukajue bei yako." Akaenda sokoni, na hakuna aliyemwita. Nani apoteze muda kumtongoza mchumba ambaye nyumbani kwao wanaweza kumrudisha?

Nilikuwa nafundisha hesabu sekondari, nikaja kukaa naye likizo. Ndipo wakala wake, Gil Pressman, alipoingia bila kubisha hodi, tukiwa tunakula wali na maharage mekundu kama ya mama kule Shreveport.

"Pittsburgh," alisema. "Miaka minne. Dola milioni mia."

Tavion aliweka kijiko chini. Mimi nilikuwa nategemea nusu ya hapo, na hata nusu ningeiona ni sifa. Mdogo wangu alikuwa mchezaji wa kati mzuri, anayejua kuzuia na kuchukua mipira inayorudi, lakini kufunga hakukuwa kazi yake, na goti lake la kushoto lilikuwa limepasuliwa majira ya baridi yaliyopita.

"Wameomba kulipima goti?" niliuliza.

"Hawajaomba," Gil alisema. "Wanamwamini."

"Milioni mia, na hawataki hata kuliona?"

"Dada yangu, wewe ukiletewa keki unauliza unga umetoka wapi."

"Nikiletewa na jirani asiyenipenda, ndiyo, nauliza."

Tavion alicheka, lakini hakurudi kwenye chakula.

Usiku nilimwambia nilichokuwa nafikiri. Pittsburgh walikuwa na mchezaji wa kati tayari, na bora kuliko yeye. St. Louis walikuwa na walinzi wawili vijana ambao mikataba yao ingeisha mwaka unaofuata. Ligi ilimwekea kila mmoja kikomo cha mishahara; wakijifunga kumlipa Tavion pesa zile, mmoja wa wale wawili wasingemmudu. Na Pittsburgh ndio waliokuwa wakigombania nafasi na St. Louis kila msimu.

"Kwa hiyo hawanitaki," alisema.

"Wanataka St. Louis wakubakize, kwa bei ya kuwavunja mgongo."

"Niende nikawaone usoni," alisema.

Tulikwenda Pittsburgh, sisi wawili na Gil. Meneja wao, Doug Hanlon, alitupokea kwenye chumba chenye mbavu za kuchoma za kulisha harusi. Alikuwa mtu wa kucheka haraka. Aliniita Bi Odessa, akasifu mkufu wangu, na kila baada ya tonge mbili alirudi palepale: Verhoeven anasemaje? Mnadhani watalifikia dau? Kuhusu Tavion mwenyewe hakuuliza kitu.

Kocha wao, Pete Laskowski, alifika amechelewa, bado ana filimbi shingoni. Tavion akamgeukia.

"Kocha, utanichezesha wapi?"

Laskowski alimtazama Hanlon kabla ya kujibu. "Tutaona," alisema, na masikio yake yakawa mekundu.

"Basi naomba daktari wenu alipime goti langu," Tavion alimwambia Hanlon. "Leo. Mjue mnachonunua."

"Hakuna haja, kijana. Tunakuamini."

"Watu wa St. Louis wamekaa nami miaka minne na hawaliamini."

Hanlon alicheka, Gil akacheka naye. Nikawaangalia wale wawili wakicheka pamoja, nikajiuliza wamefahamiana tangu lini.

Kule kwenye maegesho nilimwambia asisaini. Arudi St. Louis, achukue mkataba wa mwaka mmoja, mwakani awe huru kweli.

"Na goti likigoma kabla ya mwakani?" aliuliza. "Dada, St. Louis wananitumia. Hanlon naye ananitumia. Gil sijui. Angalau huyu anatumia na kulipa. Na kama anadhani mimi ni jiwe la kumrushia mwenzake, jiwe likikosa shabaha litabaki uwanjani kwake."

Akasaini.

Siku ya pili, mchana, Verhoeven alipiga simu. Tavion aliweka sauti wazi nisikie.

"Hatutalifikia dau, Tavion. Umetutumikia vizuri. Nakutakia heri."

Sauti yake ilikuwa nyepesi mno. Mpaka leo nashuku aliujua mtego kabla yetu, na kwamba kule kumtuma sokoni kulikuwa chambo chake kwa Pittsburgh. Gil alipompigia Hanlon kumpa habari, naye aliweka sauti wazi. Kisha Hanlon akasema, "Vizuri sana," kama mtu aliyemwagiwa supu mapajani.

Wiki ileile daktari wa Pittsburgh alilichunguza goti asubuhi nzima. Mchezaji wao wa kati ilibidi auzwe ili hesabu zikae sawa, na mashabiki hawakumsamehe Tavion. Mechi ya kwanza walimzomea kabla hajagusa mpira. Nilikuwa jukwaani. Mzee mmoja nyuma yangu alisema, "Milioni mia kwa ngazi ya kubadilishia taa." Sikugeuka.

Desemba Laskowski alimwita ofisini. "Mimi sikukuomba," alimwambia. "Bora ulisikie kwangu."

"Nilijua siku ya mbavu," Tavion alijibu.

Tangu hapo walielewana. Goti lilihimili. Hakuwahi kuwa mchezaji wa milioni mia, lakini timu zilizokuja kwao zilianza kuogopa kuingia chini ya kikapu, na zomeazomea ikapungua. St. Louis, na walinzi wao wote wawili, walimaliza juu yetu.

Masika Hanlon alifukuzwa kazi. Aliyechukua nafasi yake alimwalika Tavion chakula cha mchana, akamwambia klabu ilimthamini tangu siku ya kwanza. Tavion alimshukuru, akala, na mwezi ule alipopata nyumba nzuri ya kununua karibu na mto, hakuinunua, akaendelea kukaa kwenye nyumba ya kupanga.