Kichwa cha Pembeni

Katika karakana ya shangazi yangu, mapambo ya majengo hayaitwi kwa majina ya vitabuni. Kichwa cha nguzo ambacho hakina pambo, duara tu na kibao juu yake, tunakiita Kipara. Kile chenye mizunguko miwili kama pembe za kondoo dume ni Kondoo. Chenye majani yaliyopandana mpaka juu ni Kabichi. Tao lenye ncha, lile la makanisa ya kale, ni Viganja, kwa sababu linafanana na mikono miwili iliyokutana kwa dua. Na kuna pambo moja la dari lenye maua, matunda, utepe, makombe ya baharini na watoto wenye mabawa, vyote kwa pamoja. Hilo tunaliita Harusi. Hakuna kilichobaki nyumbani.

Kila kitu tunakimwaga kwenye kalibu za mpira: jipsamu kwa mapambo ya ndani, saruji nyeupe kwa ya nje. Kalibu mpya haipandi rafuni mpaka iitwe jina, na anayeita ni yule aliyechonga umbo lake la kwanza kwa udongo. Anaita kwa sauti, mbele ya wote. Majina yote ya rafuni yalitoka kwa shangazi na marehemu mume wake. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwaga na kusugua. Niliacha shule kabla ya kumaliza ya msingi nikaja kwake, na tangu siku ile wananiita Kimya. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anaitwa Spika. Mtu akiniuliza kitu, yeye ndiye hujibu.

Kisha tukapata kazi ya maktaba.

Ni jengo la zamani lililokaa kwenye makutano ya barabara mbili, na baraza yake ina nguzo pande zote mbili, kila safu ikitazama barabara yake. Mvua ilikuwa imekula vichwa vya nguzo vyote isipokuwa kimoja cha katikati. Tukachukua umbo la hicho kimoja, Kondoo mzuri mwenye pembe zilizojikunja vizuri, tukatoa kalibu moja na kumwaga vichwa vyote humo. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Kalibu moja, vichwa vyote.

Siku vilipopandishwa tulisimama ng'ambo ya barabara kuvitazama. Vilipendeza mpaka Spika akapiga makofi. Shangazi akavuka kwenda barabara ya pili. Akaita kutoka huko.

"Spika, njoo huku. Pale pembeni unaona nini?"

Spika akatazama. "Naona mkeka umekunjwa, mama."

Nami nilimfuata, nikaona. Kondoo si sawa pande zote. Ukimtazama kwa mbele unaona mizunguko, lakini ukimtazama ubavuni unaona mviringo tu, kama mkeka uliokunjwa. Katika safu hakuna shida, unavigeuza vyote vitazame barabara. Lakini nguzo ya pembeni inatazamwa na barabara zote mbili. Ukiigeuza huku, wa kule wanapewa ubavu. Ukiigeuza kule, wa huku wanaonewa.

Msanifu wa majengo alikuja, mama mmoja mrefu mwenye kofia ngumu na vumbi mpaka kwenye kope. Alitazama akacheka kidogo, si kwa dharau.

"Kosa hili ni letu sote, mama," alimwambia shangazi. "Mchoro wangu nao ulionyesha mbele tu. Mtindo huu unaitwa Ioniki, na waliouanzisha zamani waliumiza vichwa kwa kona hiyohiyo. Wa Doriki hawakupata tabu, kichwa chao kiko sawa pande zote. Wa Korintho pia, majani yanazunguka."

"Kipara na Kabichi," Spika alimnong'oneza mama yake, kama anayemtafsiria.

Msimamizi wa ujenzi hakuwa na muda wa habari za kale. "Basi tuweke kile cha duara pale pembeni, tumalize. Jukwaa la mafundi linashushwa wiki hii. Nani anatembea akiangalia juu?"

"Mimi," alisema shangazi. "Tena nina shingo ndefu. Ukiweka Kipara katikati ya Kondoo, kila atakayepita ataona tuliposhindwa. Nipe mpaka siku ya kushusha jukwaa."

"Siku hiyo isipokuwepo kitu, naweka cha duara."

Jioni, karakanani, shangazi aliweka bonge la udongo kwenye meza yangu. Meza yangu iko ukutani, ninapenda kufanya kazi nikiwa nimeupa mlango mgongo.

"Kimya. Hiki utachonga wewe."

"Mama, huyu hajawahi..." Spika alianza.

"Najua hajawahi. Mkono wangu mimi ni wa majani. Nikijaribu mizunguko inatoka kama konokono aliyekanyagwa. Huyu ndiye anayesuka nywele za ukoo mzima."

Nilitaka kusema siwezi. Neno halikutoka, na yeye akachukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

Nilianza kwa akili ya kawaida. Nikachonga sura mbili za mbele, moja kwa kila barabara, zikutane kwenye kona. Mizunguko miwili ikagusana ukingo kwa ukingo, bapa, kila mmoja ukitazama kwake.

Spika alizunguka meza. "Hawa wamegombana. Kila mmoja amerudi kwao."

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaubomoa wote. Nikachonga tena, nikabomoa tena. Jukwaani mafundi walikuwa wameanza kulegeza kamba za ngazi ya juu.

Mdogo wangu wa kike alikuja kusukwa nywele za shule. Nilimkalisha kwenye ndoo iliyofunikwa, nikamsuka huku mawazo yangu yakiwa kwenye udongo. Anapenda nimzungushie msuko juu ya sikio, usogee mbele karibu na paji. Nilipomaliza upande mmoja, aligeuka kumtazama paka dirishani. Mkono wangu ukasimama. Nilikuwa nimeuona mzunguko ule akiwa ananitazama, na sasa amenipa shavu, na bado ninauona.

"Usiondoke hapo. Geuka. Rudi. Geuka tena."

"Dada, shingo inaniuma."

Haukuwa wa mbele wala wa ubavuni. Ulikaa kwenye kona yenyewe, ukitokeza nje. Hata kondoo hasa, pembe zake haziko bapa usoni, zinachomoza kwenda pembeni. Nilimwacha mtoto wa watu amesukwa nusu, akaenda kunishtaki kwa shangazi, nami nikarudi kwenye udongo.

Niliuvuta mzunguko wa kona utokeze kwa mshazari, nikaupinda kidogo kama bakuli, ili wa huku aseme ni wake na wa kule aseme ni wake. Kona ya ndani, mizunguko ilibanana ikabaki nusunusu, lakini ile inatazama ukuta na njiwa.

Shangazi alikuja, akapitisha kidole gumba kwenye pembe ile kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaenda kuchanganya mpira wa kalibu kwa mikono yake mwenyewe, kazi ambayo hakuwa ameigusa kwa muda mrefu.

Kilipandishwa asubuhi ya kushusha jukwaa. Msimamizi alikipangusa vumbi kwa kiganja, akashuka, akasema waanze kufungua mabomba ya jukwaa. Mimi nilitembea barabara ya kwanza mpaka mwisho, nikarudi kwa ya pili. Kote kilikuwa kinanitazama, hakuna barabara iliyopewa mgongo.

Msanifu naye alizunguka. "Nani amechonga?"

Spika alifungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga.

"Mimi," nilisema.

"Sikusikia."

"Nimechonga mimi."

Alinishika mkono wenye saruji, akautikisa kama wanavyopeana mikono watu wa kazi moja.

Karakanani shangazi alisimama chini ya rafu ameikumbatia kalibu mpya. "Ni nzito hii. Iite haraka."

"Iite Mbuzi wa Kimya," alisema Spika.

"Nyamaza wewe. Yako utaiita ukichonga."

Nilikuwa nimelala na jina kwa siku kadhaa. Nikageuka, ukuta ukawa nyuma yangu.

"Kisomgongo," nikasema, na kwa kuwa mashine ya kuchanganya saruji ilikuwa inanguruma nikarudia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Kisomgongo."

Shangazi alitazama rafu ya juu, ilikuwa imejaa. Akaichukua Kabichi, kalibu yake mwenyewe, akaishusha chini, na pale ilipokuwa akaweka yangu.