Simu ya Fundi Taratibu

"Basi mama, nikavaa soksi ya pili," alisema mkwe wangu kwenye simu, nami nimesimama mbele ya tanuri, mikono imejaa unga hadi viwiko, presha inapanda.

Msinione sina adabu. Binti yangu wa pekee alikuwa wodi ya wazazi tangu jana yake. Daktari alishasema mtoto amekingama tumboni na kwamba mambo yanaweza kuwa magumu kwa wote wawili. Hospitali ikaruhusu mtu mmoja tu wa kukaa naye, na huyo mmoja akawa mumewe, fundi wa magari ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Taratibu. Mimi nikabaki hapa kwenye duka langu la mikate, nautwanga ngumi unga ambao haukuwa na kosa lolote.

Sasa kapiga simu. Nilitaka neno moja tu: mwanangu mzima au si mzima? Yeye kaanza na shikamoo, kanijulia hali, kamjulia hali mdogo wangu aliyenishikia simu sikioni, kisha karudi mpaka alfajiri alipoamshwa kwenye benchi la hospitali.

Wala hana roho mbaya, maskini. Ndivyo anavyofanya kazi. Akifungua injini, kila boliti huipanga juu ya kitambaa kama ilivyotoka, na ukimkatiza anaanza upya kabisa. Habari nazo huzifungua hivyo hivyo. Siku aliyokuja kwetu alianza na babu yake kuhamia mjini. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena, marehemu mume wangu akasinzia, ndipo tukajua kumbe kijana kaja kuposa.

Alipomaliza soksi akaingia kwenye kamba za viatu. Nikamwomba, kwa heshima yote anayostahili mkwe, aanzie katikati. Akasema akianzia katikati kuna kitu kitabaki nje, na haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilishaumia vya kutosha. Halafu, Mungu nisamehe, akarudi kwenye soksi ya kwanza.

Mdogo wangu, ambaye hucheka hata msibani, alikuwa hana mbavu. Mimi machozi yalinilenga. Niliogopa, niseme ukweli. Nilijiambia huyu leo anazunguka kwa sababu kuna jambo hataki kulifikia.

Ndipo nikawakumbuka wateja wake wa gereji. Hakuna hata mmoja mwenye muda na hadithi za boliti. Wote humuuliza swali moja, naye hulijibu papo hapo. Nikainyakua simu na unga wangu wote.

"Fundi," nikamwambia, mambo ya ukwe nimeyaweka kando, "linawaka au haliwaki?"

"Linawaka, mama," akajibu bila hata kuvuta pumzi. "Yote mawili. Kubwa limekaa linakunywa chai. Dogo limepiga honi mpaka wodi nzima ikaamka."

Nikaketi juu ya gunia la unga. Mdogo wangu alipiga vigelegele mpaka watu wa nje wakadhani mkate umeshuka bei. Nililia, nikacheka, nikamwombea mkwe wangu maisha marefu, mimi niliyekuwa natamani kumnyonga muda mfupi tu uliopita. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe.

Kisha ikaja sauti ya mwanangu, imechoka, lakini ni yake mwenyewe.

"Mama, amekwambia ni wa kike, na tumempa jina lako?"

Nikamwambia hajaniambia. Nikamsikia mumewe kwa nyuma, ameudhika kidogo, akisema hapo alikuwa bado hajafika.