Kumkabidhi Ng'ombe

Hapa shambani huruhusiwi kuondoka kwa kusema tu umepona. Kwanza umkabidhi mwenzio kazi yako, naye aiweze, kisha ndugu zako waje kukuchukua. Wanaotuleta huita hapa nyumba ya wagonjwa wa akili. Sisi twasema shambani, inapunguza makali.

Mimi nilikuwa mkamuaji. Niliyepewa kumfundisha ni Bubu, ambaye si bubu, ni mwanamke aliyechoka kuongea tu. Nilimwonyesha kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kupaka chuchu mafuta, kukaa upande wa kulia bila papara. Ng'ombe akampiga mateke, akamwaga ndoo, mwishowe akamzoea. Siku Bubu alipojaza ndoo peke yake nilifurahi kuliko yeye, nikaenda kufunga begi. Juu kabisa niliweka sketi niliyomshonea mwanangu kwa kukisia kimo.

Kaka alikuja Jumamosi na mkewe. Mwanangu, anayekaa kwao, hawakumleta.

"Ana mafua," wifi alisema, huku akikagua matope kwenye viatu vyake.

Nikajikaza kisabuni. Nikawatembeza zizini, bandani kwa kuku, kwenye matuta ya mboga. Sikuropoka, sikulia, nilitaka wamwone mtu timamu. Kaka akanywa maziwa, akafuta mdomo.

"Umenawiri, mdogo wangu. Hata mikono haitetemeki tena."

"Nimepona, kaka. Begi liko tayari."

Wakatazamana. Nilijua hapo hapo.

"Tulikuwa tunafikiri," kaka alisema, "kwamba hapa pamekukubali. Ukirudi kwenye zile kelele si utaanza tena? Na mtoto ametulia. Anamwita wifi yako mama. Tukimvuruga sasa..."

"Na ungenikuta bado naumwa, ungenichukua?"

"Ukiwa unaumwa nikupeleke wapi?"

Aliuliza kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionimaliza. Nikiumwa nibaki kwa sababu naumwa. Nikipona nibaki kwa sababu nimeponea hapa. Nilitaka kupiga ukelele wa kuangusha mabati. Lakini ukelele ndio ushahidi waliokuwa wakiungoja, basi nikaumeza, nikampa wifi ile sketi.

Akaipima kwa macho. "Itambana, wifi. Amekua. Lakini tutaichukua."

Jioni miguu yangu ilinipeleka zizini yenyewe. Bubu alikuwa ameshakaa, ndoo kati ya magoti. Msimamizi wetu, mama mmoja wa kucheka ovyo, siku hiyo hakucheka.

"Nimesikia," aliniambia. "Pole, mwanangu. Ila ng'ombe siwezi kumnyang'anya huyu. Ndiyo kwanza amepata kitu cha kumwamsha asubuhi."

Bubu alisikia. Mikono yake ikasimama. Akainuka, akanisogezea kigoda.

"Kaa wewe," alisema. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake.

Nilikitaka kigoda kile kwa roho mbaya kabisa. Nilitaka ng'ombe ampige mateke, amwage ndoo, anililie mimi. Nilikishika, nikasimama nacho, Bubu akiwa kainamisha kichwa kama mtu aliyezoea kupokonywa.

"Kamua," nikamwambia, nikakirudisha chini. "Ukikawia atayazuia maziwa."

Nikatoka nje. Msimamizi akanifuata, akanipa jembe wanalopewa wageni siku ya kwanza, akanionyesha tuta lenye magugu.